Lusambi Alikuwa Baba Yangu

Mawese yakianza kupata moto, kabla hayajatoa moshi, yana harufu fulani nzito, tamu kidogo, kama karanga zilizosahauliwa jikoni. Kila nikiyaweka sufuriani hapa kwangu Shanwe, mjini Mpanda, miguu imenivimba kwa kusimama mashineni tangu asubuhi, harufu hiyo hunishika mkono na kunirudisha kijijini Usevya, uani kwetu, ambako mama alikuwa akiyakoroga na masizi ya sufuria kwenye kifuniko cha ndoo ili ampake baba uso. Mtaniuliza kwa nini mama alimpaka baba masizi. Nitawaambia, ila taratibu. Leo nimekoboa mpunga wa Tanzania nzima, na sehemu ya Zambia.

Kigangoni kwetu kila mwaka, mpunga ukishaingia ndani, kulichezwa mchezo. Ulikuwa mchezo uleule, mwaka nenda mwaka rudi. Katekista mmoja wa zamani, ambaye mimi sikumkuta, aliuandika kwa mkono kwenye kaunta buku, na kaunta buku hilo lilitunzwa pamoja na vikombe vya ibada. Siku hizi najua kwamba mchezo ule ni tanzia. Neno hilo nilifundishwa kwenye masomo ya jioni nikiwa tayari mama wa watoto watatu. Wakati ule tuliuita mchezo wa Mtemi, basi.

Habari yenyewe ni hii. Mtemi Nsongo ni mtu mwema, mwema mpaka anachosha. Njaa inaingia nchini, maadui wanazingira boma, mtemi anawaambia watu wavumilie. Usiku mdogo wake, Lusambi, anawafungulia maadui lango. Mtemi anauawa, na wanawe wote, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na wimbo wa kufia. Watu walilia. Bibi yangu mzaa mama alilia kila mwaka kana kwamba habari za msiba zimefika asubuhi ile ile, na alikuwa akijua kabisa kwamba mtemi ni jirani yake, fundi seremala, na kwamba jioni atakuja kwake kuomba chumvi.

Wafu wakishabebwa, Lusambi anabaki peke yake katikati ya uwanja. Hapo ndipo sisi watoto tulipokuwa tunapasubiri mwaka mzima. Kila mtoto alikuwa na kopo la pumba za mpunga. Mmoja wetu alipiga ukelele, na kijiji kizima cha watoto kikamwangukia Lusambi kwa pumba na matusi, kikamkimbiza hadi mtoni. Kule ananawa. Watu wazima wanaanza kupakua wali.

Sasa nani atakubali kuwa Lusambi? Mwenyeji hakubali. Ukishakuwa Lusambi, unaitwa Lusambi hadi mpunga mwingine uvunwe, na hao wanaokuita ni shemeji zako na wakwe zako. Ndiyo maana nafasi hiyo ilipewa mtani. Mtani hawezi kukasirika, na akikasirika anachekwa zaidi. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi, amekuja kutoka upande wa Tabora na baiskeli moja na mfuko wa spana, akamwoa mama yangu, Mpimbwe wa palepale. Kwa hiyo alikuwa mtani wao na shemeji yao, yaani kila mwenye ulimi Usevya alikuwa na haki ya kumtukana, wengine mara mbili. Mwaka wa kwanza tu wa ndoa yake walimvika ngozi ya mbuzi wakampaka masizi. Akawa Lusambi miaka kumi na mitatu.

Na alikuwa mpole! Baba yangu akiziba pancha alikuwa akiliomba radhi tairi. Baiskeli za Usevya, nawaambieni, zilikuwa na viraka vingi kuliko mpira wenyewe, na hajawahi kumfokea mtu kwa kuleta uchafu ule. Ila jukwaani alikuwa Lusambi hasa. Alikuwa akitembea upande upande kama kaa, anacheka bila sababu, na watoto wadogo walijikojolea.

Jambo moja dogo katika desturi ile lilinikaa rohoni kuliko pumba zote. Lusambi alikula mwisho, akishanawa. Na familia yake ilikula naye. Hakuna aliyetuwekea sheria hiyo kwa ubaya. Ilikuwa sehemu ya mzaha. Lakini jamani, mzaha una sahani. Kwa miaka yangu yote ya utotoni, siku ya sikukuu ya kijiji, nilikula ukoko. Wenzangu walikula wali wa juu, mweupe, na nyama yenye mafuta inayoteleza, mimi nikakaa na mama na baba mwenye maji masikioni, tunakwangua sufuria. Mama alikuwa akisema ukoko unang'arisha meno. Kama ni hivyo, meno yangu yangeonekana kutoka Mpanda mjini.

Kisha nikawa na miaka kumi na mmoja, na Mungu akanipa sauti.

Sauti hiyo niliipata shambani. Mpunga ukianza kukomaa, ndege wanakuja kama moshi, na kazi ya watoto ni kuwawinga. Unakaa kwenye kichanja tangu jua halijatoka, unapiga ukelele, na mtoto wa shamba la jirani akikusikia anaupokea, na wa tatu anaupokea kwake, hivyo hivyo mpaka bonde zima linapiga kelele na hakuna anayejua nani alianza. Huo ndio utaratibu: ukisikia, unapokea. Huulizi ndege wako wapi. Shamba la mtoto anayechelewa kupokea ndiko ndege wanakokimbilia, na baba yake atamweleza vizuri. Ukelele wangu mimi ulikuwa unafika porini. Viboko wa mbugani walikuwa wakitoa vichwa majini kuangalia nani amekufa.

Basi katekista wa wakati huo, Fabiani, mtu mfupi mwenye haraka, akaniteua mimi kuwa mpiga ukelele wa mchezo. Na mpiga ukelele alikula na waimbaji. Wali wa juu. Sikulala siku tatu.

Mwaka huo huo, na sijui kwa nini vitu viwili vinapenda kuja pamoja, baba alipewa kaunta buku aliunganishe, maana lilikuwa limeachana katikati. Aligundisha kurasa kwa solusheni ya pancha. Katika kugundisha, akasoma. Na katika kusoma, akakuta ukurasa ambao haukuwahi kuchezwa.

Nilikuwepo Fabiani alipokuja kuchukua buku na kukagua baiskeli yake. Nilikuwa nimekaa juu ya debe, nachambua mchele.

"Wewe Mnyamwezi," Fabiani akaanza, "hili tairi umeliziba au umelitoboa upya?"

"Nyie Wapimbwe mnaendesha baiskeli kama mnakwea mti, halafu mnalaumu tairi," baba akasema, bila kuinua kichwa. Kisha akainua. "Mtani, kuna ukurasa mmeuruka. Lusambi anasema. Baada ya mtemi kufa, anasimama pale, anasema kwa nini alifungua lango."

"Tumeuruka makusudi. Tangu yule mzee alipoandika, hakuna aliyetaka kuusikia."

"Mimi nimekuwa Lusambi miaka kumi na miwili. Sijui kwa nini nilifungua. Nafungua tu."

Fabiani akacheka. "Si kwa sababu wewe ni mwovu? Mnataka sababu gani tena, nyie watu wa Tabora? Akianza kujieleza, watoto watamkimbiza nani?"

"Watamkimbiza yeye yeye," baba akasema. "Ila watajua kwamba wanamkimbiza mtu."

Nakumbuka Fabiani alizungusha gurudumu la mbele, akalitazama mpaka likasimama. "Watu wanakuja kulia na kula, mtani. Ukiwachanganya, hawatajua waanze na lipi." Halafu akanitazama mimi, kana kwamba debe na mtoto wote ni mali ya baba. "Haya. Sema mwaka huu tuone. Ila huyu Skola asipige ukelele mpaka umalize neno la mwisho. Umesikia, Skola? Neno la mwisho."

Nikaitikia.

Kwa muda wa miezi miwili baba alijifunza maneno yale akiziba pancha. Nilikuwa nikiyasikia kila siku mpaka nikayajua kuliko sala. Lusambi anawaambia watu: Nyie mnaoniita msaliti, nani kati yenu aliingia nyumbani kwangu? Kaka yangu alifunga ghala, akasema tungoje mvua. Mtemi anaweza kungoja. Mimi nilikuwa na mtoto. Siku ya kwanza alilia, siku ya pili alilia, siku ya tatu alilia. Siku ya nne akaacha kulia. Na mtoto akiacha kulia kwa njaa, baba yake...

Hapo baba alikuwa anakohoa. Anachukua spana, anaiweka, anaanza upya: nyie mnaoniita msaliti. Maneno ya mwisho sikuyasikia hata mara moja.

Mimi nilikuwa na shida zangu. Shuleni waliniita mtoto wa Lusambi, kama kawaida, na nilizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Lakini habari za ukurasa mpya zilienea. Leokadia, aliyekuwa akiongoza nyimbo za wanawe mtemi na ambaye ndiye angenigawia nafasi kwenye sahani, alinishika kisimani.

"Eti baba yako anataka kujitetea?"

"Si yeye, ni Lusambi."

"Ni walewale. Anayejitetea amekosa kweli. Baba yangu anasema utani umemshinda, sasa anataka kutugeuzia kibao, tuonekane wabaya sisi." Akajitwisha ndoo yake bila kuniomba nimsaidie, na bila kumwaga tone. "Mimi sitaki kukaa sahani moja na watu wanaotuharibia sikukuu. Wewe utakuwa wapi, kwetu au kwao?"

Nilisema kwenu. Nilisema haraka, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Siku ikafika. Asubuhi mama alikoroga mawese na masizi, akampaka baba uso uani. Baba alifumba macho, midomo ikienda, anarudia maneno kimya kimya. Nilikuwa mlangoni nimeshika kopo langu la pumba. Nikaona mama amesimama ghafla, kidole chake kimebaki juu ya shavu la baba. Baba alikuwa amefika mwisho, bila kukohoa. Mama akajifuta macho kwa mkono wenye masizi, akabaki na mstari mweusi mpaka sikioni. Nilicheka. Nilidhani ni moshi.

Mchezo ulikwenda vizuri kuliko miaka yote. Mtemi alikufa polepole sana, alikuwa amejifunza kuanguka kwa awamu. Bibi akalia. Nyuma ya banda la kanisa masufuria yalikuwa yamefunuliwa, na harufu ya nyama ilikuja na upepo, ikapita juu ya wafu wote na kuja kunitafuta mimi.

Baba akabaki peke yake uwanjani. Safari hii hakucheka kile kicheko chake. Alisimama wima, si kama kaa. Ngozi ya mbuzi imemning'inia begani, magoti yana vumbi. Akasema, nyie mnaoniita msaliti.

Mtu akaguna. Mwingine akauliza kwa sauti, "Huyu naye anasema nini?" Mzee mmoja wa mbele akageuka kutazama upande wa masufuria. Mtoto mdogo akatupa pumba zake mapema, akapigwa kofi na mama yake. Baba aliendelea. Sauti yake haikuwa ya Lusambi. Ilikuwa ile anayoombea radhi tairi. Akafika kwenye ghala, akafika siku ya kwanza, siku ya pili. Watu waliacha kuguna. Nawaapia, waliacha. Mama mmoja karibu yangu alikuwa amesogeza mtoto wake kifuani.

Leokadia alinitazama. Alisogea tu kidogo kwenye mkeka wa waimbaji, pakawa na nafasi ya mtu mmoja kati yake na mwenzake, kisha akasogea tena, nafasi ikaanza kuziba.

Baba akasema: "Siku ya nne akaacha kulia. Na mtoto akiacha kulia kwa njaa, baba yake..."

Nikapiga ukelele.

Ulitoka wote, ule wa shambani, wa kufukuza ndege elfu kumi. Na watoto wa Usevya, ambao tangu wanajua kutembea wamefundishwa kwamba ukisikia unapokea, waliupokea. Hakuna aliyeuliza kama neno la mwisho limesemwa. Uwanja ukalipuka. Pumba zikawa wingu. Niliona mdomo wa baba bado uko wazi, nikaona macho yake yananitafuta, yakanipata. Kisha akainama kama kaa, akacheka kile kicheko, akakimbia kuelekea mtoni. Alikimbia vizuri kabisa. Alitufanyia kazi yetu.

Nilikula wali wa juu. Nyama vipande vitatu, kimoja na mafuta. Mtaniambia ilikuwa chungu kooni, kwamba sikuweza kumeza. Hapana. Ilikuwa tamu. Nililamba na vidole.

Nilipomaliza nilishuka mtoni. Baba alikuwa peke yake, amechuchumaa jiweni, anajisugua na mchanga. Masizi yenye mawese hayatoki upesi. Pumba zimemganda shingoni na kwenye nyusi. Nilisimama nyuma yake na kopo langu tupu.

Bila kugeuka akauliza, "Umekula?"

"Ndiyo, baba."

"Na nyama?"

"Na nyama."

"Vizuri," akasema, na akaendelea kunawa.

Mwaka uliofuata alisema mgongo unamsumbua. Lusambi akawa mtani mwingine, Mfipa mmoja mwenye kucheka kweli kweli, na ukurasa haukutajwa tena. Kaunta buku lililiwa na mchwa, wakaanzia kwenye solusheni.

Miaka imepita. Niliolewa, nikaachika, nikaja Mpanda, nikapata kazi kwenye mashine ya kukoboa. Nikiwa na miaka thelathini na minane nikajiandikisha masomo ya jioni, nikisinzia kila siku isipokuwa siku za Kiswahili. Mwalimu wetu alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa. Siku moja akaandika ubaoni: Je, mhusika mwovu katika tanzia ni mwovu mtupu? Jadili. Wenzangu wakaanza kujadili. Mmoja, askari mgambo, akasema mwovu ni mwovu, afungwe. Mama mmoja muuza samaki akasema inategemea alikuwa na njaa au alikuwa na tamaa. Mimi, ambaye siku zote nilikuwa nikiongea mpaka naombwa nipumzike, nilikaa kimya nimeshika kalamu.

Nilikuwa naona mkeka. Nafasi ya mtu mmoja, inaziba.

Kwa miaka ishirini na saba nilikuwa nikijieleza kwamba nilikosea muda tu. Nilidhani amemaliza. Mtoto mdogo, kelele nyingi. Pale darasani, taa ya tyubu inalia juu ya kichwa changu, nikajua kwamba sikukosea kitu. Nilijua maneno yamebaki. Niliwafungulia watu lango la baba yangu ili nikae kwenye mkeka wa watu na nile kabla hawajamaliza, na sikuwa mwovu mtupu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilikuwa nimechoka na ukoko. Aliyekuwa akiyasema yote hayo pale uwanjani, kwa niaba ya watu kama mimi, ndiye niliyemkatiza.

Niliandika hayo kwenye jaribio. Mwalimu alinipa alama sita katika ishirini, na chini yake kwa wino mwekundu: "Tumia mifano ya kwenye vitabu." Ana haki. Mfano wangu haukuwa kitabuni.

Baba sasa anaishi na mimi. Mama alishatangulia, akaondoka na maneno ya mwisho ya Lusambi, yeye peke yake aliyeyasikia kwenye midomo ya baba. Baba haoni vizuri, anakaa barazani anapapasa gurudumu la baiskeli ya mwanangu, analizungusha, anasikiliza. Juzi nilirudi kutoka kazini, nikaweka mawese jikoni kwa ajili ya maharage, harufu ikatoka, na nikajikuta nimesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Baba," nikasema, "ile siku ya Lusambi. Yalikuwa yamebaki maneno gani?"

Alizungusha gurudumu. Likazunguka muda mrefu, nimelitia grisi mwenyewe.

"Siku ile?" akasema. "Nilikuwa nimeyasahau, Skola. Nimefika pale, kichwa cheupe kabisa. Nasimama, natafuta, sioni. Ulipopiga ukelele nikasema, asante Mungu, mwanangu ameniokoa."

Akacheka, kicheko chake mwenyewe, si kile cha mchezo.

Nilimwona asubuhi ile uani, midomo ikifika mwisho. Nilimwona mama na mstari wake mweusi. Miezi miwili, kila pancha. Mtu yule hakusahau hata koma.

Nikarudi ndani, nikampakulia. Wali wa juu, maharage, kipande cha samaki ambacho kilikuwa ndicho pekee. Nikamwekea sahani mkononi, nikakaa pembeni yake kwenye ngazi. Akapapasa, akakikuta kile kipande, akakisimamisha kwa vidole karibu na mdomo.

"Na wewe umekula?" akauliza.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Na samaki."